Mnara Usubiri, Kwanza Tushone

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa sayansi kimu kwenye mkutano wa wakazi kuhusu kumbukumbu ya waliofariki kwa UKIMWI, Mwanga, Kigoma

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, masheikh wetu, mapadri na wachungaji, ndugu zangu wa konga, yaani umoja wa WAVIU, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wazee mliotoka Ujiji, na nyinyi mama zangu wa Kibirizi mlioacha dagaa juani mkaja kukaa na sisi: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mwakeye.

Mwenyekiti ameniwekea saa yake mezani. Tunafahamiana. Basi niingie kwenye hoja. Mbele yetu kuna pendekezo la kujenga mnara wa zege wenye utepe mwekundu, kwa ajili ya watu wetu waliokufa kwa UKIMWI. Mchoro nimeuona. Kijana aliyeuchora ana mkono, na simtanii. Lakini nimesimama kuupinga, au kwa adabu zaidi, kuurudisha nyuma kwenye foleni.

Sisi watu wa Kigoma tunaijua minara. Tunao mmoja Ujiji, unatembelewa na watalii, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Nimewapeleka wanafunzi pale miaka mingi. Wakitoka, ukiwauliza, wote wanamtaja Livingstone na wote wanamtaja Stanley. Ukiuliza ni akina nani walioubeba mwili wa yule mzee alipofariki mwaka 1873, wakautoa kule kwa Chitambo, Zambia ya leo, mpaka pwani Bagamoyo, darasa zima linanyamaza. Ni Chuma na Susi, na wenzao. Mnara hutunza jina la yule ambaye mjenzi alimjua, wengine wanabaki kuwa msafara. Ndiyo hofu yangu kuhusu utepe wa zege. Utepe tutauona. Baba yake Fulani hatutamwona.

Kuna mtu ataniambia: mbona Mwanza wana kumbukumbu pale Igoma, ya wale wa MV Bukoba? Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini meli ile ilizama siku moja inayojulikana, tarehe 21 Mei 1996. Taifa zima lilisikia redioni saa zile zile, likalia pamoja, na mpaka leo tarehe ikifika watu wanaenda makaburini. Msiba wa UKIMWI haukuja hivyo. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Kufika 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa umeshapata wagonjwa. Rais Mkapa alitangaza kuwa ni janga la taifa mwishoni mwa 1999. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Hesabuni wenyewe kutoka 1983 mpaka 2004. Ni kama miaka ishirini ya kuzika mmoja mmoja, kila nyumba na msiba wake, na kila msiba na jina la kuazima: kifua, malaria kali, TB, amerogwa na mke mwenzie. Waliokuwa na akili zao wakati ule wanakumbuka tulivyokuwa tunakaa kwenye mkeka matangani, wote tunajua, na anayeuliza "alikuwa anaumwa nini" anaangaliwa kama amevunja sahani.

Kwa hiyo hatuna tarehe ya kuchonga kwenye zege, na majina yenyewe hatujayakusanya. Mnara tutaandika nini?

Sasa nije kwenye kuta, maana hapa watu wengi hawajawahi kukaa wakalifikiria jambo hili. Msiseme Kigoma haijawahi kuwa na sanaa ya UKIMWI hadharani. Ilikuwepo tele! Kuta za zahanati, kuta za shule, mabango ya barabarani. Mnakumbuka yalichorwa nini? Fuvu. Jeneza. Mwanamke wa sketi fupi anayeng'ata kidole. Mtu mifupa mitupu kitandani, na juu yake maandishi: UKIMWI UNAUA. Wachoraji wetu wa mabango waliifanya kazi waliyolipwa kuifanya, siwalaumu, na nia ya walioagiza ilikuwa kuokoa vijana. Lakini nitawaambia nilichokiona mimi. Nilikuwa nafundisha darasa la sita, na ukutani tulikuwa na bango kama hilo, la jeneza, limebandikwa karibu na ramani ya Tanzania. Mtoto mmoja alirudi shule baada ya kumzika baba yake. Dawati lake lilikuwa la mbele, upande ule ule. Kipindi kizima anaangalia daftari, hainui uso. Wenzake wanaangalia bango, halafu wanamwangalia yeye. Nilisubiri kengele, nikalibandua. Siku iliyofuata niliulizwa kwa nini nimeondoa kifaa cha kufundishia, nikasema limechanika.

Kuta zetu ziliwaonya walio hai kwa kuwatumia wafu kama kinyago. Hakuna hata ukuta mmoja niliouona mimi uliosema: huyu alikuwa fundi baiskeli, alikuwa anapenda Taifa Stars na alikuwa hajui kuimba. Ndiyo maana nikisikia "sanaa ya UKIMWI" tena, swali langu la kwanza ni kama safari hii tutatisha au tutaomboleza.

Walioomboleza kwa sanaa wapo, na walianza na vitu vya kawaida mno. Kule San Francisco, Marekani, Novemba 1985, kulikuwa na maandamano ya mishumaa ya kuwakumbuka viongozi wawili wa mji waliouawa miaka ya nyuma. Mwanaharakati mmoja, Cleve Jones, akawaomba waandamanaji waandike kwenye karatasi majina ya ndugu na marafiki waliokufa kwa UKIMWI. Wakayabandika kwenye ukuta wa jengo la serikali. Jones akautazama ule ukuta wa makaratasi, akaona unafanana na blanketi la viraka alilolijua tangu utotoni. Wazo likazaliwa hapo. Mwaka 1987 akamshonea rafiki yake, Marvin Feldman, kipande cha kwanza. Kila kipande kilipangwa kiwe futi 3 kwa futi 6, takriban ukubwa wa kaburi. Tarehe 11 Oktoba mwaka ule ule wakatandaza vipande 1,920 kwenye uwanja mkubwa wa Washington, na majina yakasomwa kwa sauti, moja baada ya jingine. Leo vipande vimefika kama 50,000, uzito wa tani 54. Mara ya mwisho kutandazwa vyote pamoja pale Washington ilikuwa 1996.

Mimi mwalimu wa kushona, kwa hiyo mtanisamehe, nitaongelea kitambaa. Angalieni waliweka nini ndani yake. Suruali za jinzi za marehemu. Barua. Midoli. Medali. Picha zilizochapwa kwenye kitambaa. Waliokuwa hawajui kushona walitumia gundi, na hakuna aliyewarudisha nyumbani. Mama asiyejua siasa wala kuhutubia alikaa na shati la mwanawe wiki nzima, akaamua mfuko ubaki au utolewe. Kazi ile ndiyo kumbukumbu yenyewe. Kule kutandaza uwanjani ni mambo ya baadaye. Kwenye mnara kazi hiyo anaifanya mkandarasi.

Wapo pia walioona kushona hakutoshi. Oktoba 1992, wakati kazi ile ikionyeshwa tena Washington, wanaharakati wengine waliandamana hadi Ikulu ya Marekani wakamwaga majivu ya wapenzi na ndugu zao kwenye majani ya uwanja, kwamba tumechoka kulia vizuri, tunataka dawa. Nalitaja hili kwa sababu ndugu zangu wa konga watanikumbusha wenyewe baada ya mimi kukaa: kumbukumbu isiwe ya kufunika madai ya walio hai. Nakubaliana nao kabisa. Anayekosa nauli ya kwenda CTC, kliniki ya dawa za kufubaza, hatashibishwa na kitambaa.

Sasa msiniambie hayo ni ya Wamarekani. Kusini mwa bara letu hili hili, kwenye kijiji kinachoitwa Hamburg, Eastern Cape, Afrika Kusini, wanawake zaidi ya mia walikaa chini mwaka 2005 wakadarizi kazi kubwa ya milango inayofunguka, mfano wa zile picha za altareni makanisani Ulaya. Keiskamma ndiyo jina la mto wao na la kikundi chao. Kazi ile ilianza kwa msukumo wa daktari wa pale, Carol Hofmeyr, ambaye ni msanii pia. Ukifungua milango yote mpaka ndani, hukuti mtakatifu wa Ulaya. Unakuta picha za bibi watatu wa kijiji, ukubwa wao halisi, wamekaa na wajukuu wao. Bibi! Nani hapa Kigoma hamjui bibi aliyezika watoto watatu akaanza upya kununua daftari na kaptura za shule akiwa na miaka sabini? Angeonekana kwenye zege wapi huyo?

Na sisi tuna mikono. Nendeni nyumba yoyote ya hapa Mwanga, Gungu, Katonga, muangalie makochi: vitambaa vya kudarizi, maua, njiwa, KARIBU WAGENI. Wanawake wa Kigoma wanajua kitenge kuliko wanaokitengeneza. Msiba ukitokea tunashona sare kwa siku mbili. Ufundi upo, cherehani zipo. Mnara tutaagiza saruji, tutaagiza fundi, tutasubiri mgeni rasmi akate utepe, na mwaka wa tatu bodaboda wataugeuza kijiwe. (Vijana wa bodaboda mnacheka, mnajua nasema kweli.)

Pendekezo langu ni hili. Kila familia inayotaka, na narudia inayotaka, ishone kipande kimoja. Ukubwa tusichukue wa Wamarekani, tuchukue wa upande mmoja wa kanga, maana ndicho kipimo kilichoko mikononi mwetu. Chini tunaweka kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, kile kizito, kisichotoa rangi. Pindo mtatoa kwenye kitenge au kanga ya nyumbani, hata iliyochakaa, hata ile ya marehemu mwenyewe. Pale ambapo kanga huwa na maneno yake, tunadarizi jina. Kwenye mji, yaani katikati ya kitambaa kama ilivyo kwenye kanga, familia itaweka inachotaka. Mvuvi anaweza kuwekewa kipande cha wavu wa dagaa. Dada mmoja ameshaniletea cha kaka yake, aliyekuwa akipuliza filimbi kwenye treni ya Reli ya Kati. Ameleta kola ya sare na kifungo kimoja cha shaba. Kola imepauka upande wa kulia tu, upande wa dirishani. Nikamuuliza niisafishe? Akasema, "Mwalimu, ukiifua nakushtaki."

Sheikh alinisimamisha wiki iliyopita sokoni kwa jambo la msingi. Kwanza, sanamu za watu. Wazee wengi wa Ujiji hawatakubali jamaa yao achongwe au achorwe hadharani, na hilo peke yake linapunguza nguvu ya michoro ya ukutani kwa mji kama huu. Kitambaa chenye jina hakina tatizo hilo. Pili, akaniuliza: mtavitandaza chini? Wamarekani wametandaza chini, watu wanapita katikati. Sisi haiwezekani. Majina yetu ya Abdallah na Abdulrahman yana jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, huwezi kuyaweka ardhini karibu na viatu vya watu. Kwa hiyo vitaning'inizwa kwenye kamba, usawa wa kifua, kama tunavyoanika. Padri naye hakuwa na pingamizi, ila ameomba visining'inizwe Jumapili asubuhi, watu wasije wakachagua.

Jambo zito lililobaki ni majina. Nawaomba utulivu hapa.

Kutaja jina kunaweza kuua. Afrika Kusini, Desemba 1998, mwanamke anayeitwa Gugu Dlamini aliuawa kwa kupigwa, muda mfupi baada ya kusema hadharani kwamba anaishi na virusi. Leo katikati ya mji wa Durban kuna bustani yenye jina lake. Wamemheshimu, lakini baada ya kumzika. Sisi tuna sheria, ile ya UKIMWI ya mwaka 2008, inayolinda siri ya majibu ya mtu na kukataza unyanyapaa. Na marehemu hasemi, lakini mjane wake anauza mawese sokoni, na binti yake anatarajia kuposwa. Ukidarizi jina la mume, umeshamtangaza mke. Je, yeye amekubali?

Kwa hiyo nasema hivi, na kamati iandike kwenye muhtasari: hakuna jina litakaloshonwa bila ridhaa ya mjane au mgane na ya watoto wakubwa. Shangazi peke yake haitoshi, hata akilia. Anayetaka jina la utani, aweke la utani. Anayetaka herufi mbili, aweke mbili. Hata kwenye ile kazi ya Marekani kuna vipande vyenye herufi tu au jina la kwanza tu, kwa sababu familia ziliogopa, na vimeshonwa sawa na vingine. Na kwenye kipande chochote tusiandike ugonjwa. Wala utepe mwekundu si lazima. Atakayepita ataona kitenge, jina, na kifungo cha treni.

Wapo watakaobaki bila mtu wa kuwashonea. Mkoa wetu umepokea wakimbizi kwa makundi kutoka Burundi na Kongo. Kuna watu walifia hapa wasiojulikana hata walikotoka. Kuna wachuuzi walishuka kwenye boti wakitokea Kalemie na Uvira, wakaugua nyumba ya wageni, wakazikwa na serikali ya mtaa. Hao kikundi chetu cha ushonaji kitawashonea, marekani nyeupe na pindo tu, na pale kwenye jina tutaacha wazi. Kuna aliyeniambia tuandike "Wasiojulikana". Nimekataa. Walijulikana, ila si na sisi.

Nimesikia pia hoja ya takwimu, na imetoka kwa mtu ninayemheshimu. Kwamba utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 umeonyesha maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchini, Njombe asilimia 12.7, na Kigoma yetu 1.7, ya chini kuliko mikoa yote ya Bara. Basi kumbukumbu ijengwe Njombe! Ndugu yangu, namba hiyo ni ya walio hai. Mtu akizikwa anatoka kwenye asilimia. Na hata ingekuwa Kigoma amekufa mmoja tu, mama yake angekuwa na haki ya sindano na uzi.

Pesa. Najua mnalisubiri. Mnara ulikadiriwa, na kadirio mmeliona kwenye karatasi, sitalirudia maana mwenyekiti ataona haya. Sisi tunahitaji jora la marekani, nyuzi, kamba ya katani, na sanduku la bati lisiloingiza mchwa wala panya. La sanduku msilipuuze. Kitambaa kinakufa kwa unyevu na wadudu, na masika ya hapa mnayajua. Visikunjwe mkunjo ule ule kila mara, vikunjuliwe kila baada ya miezi michache vipigwe na hewa, kivulini na si juani, rangi itaondoka. Funguo zikae na watu wawili wa nyumba tofauti. Ningependa moja ikae kwa konga, nyingine kwa mama mlezi wa yatima, na isiwepo hata moja kwenye ofisi yoyote. Ofisi zinahamisha watu.

Tunataka tuvitundike mara ya kwanza tarehe 1 Desemba, ambayo dunia imeiadhimisha tangu 1988 kuwa Siku ya UKIMWI. Hapa viwanjani, saa kumi jioni, jua likishapoa. Majina yatasomwa na ndugu wa marehemu wenyewe. Hakuna mgeni rasmi. Akija kiongozi atakaa kwenye benchi kama sisi, na akiwa na marehemu wake naye atasoma.

Na mnara? Siufuti. Tukishamaliza kushona, tutakuwa na majina yaliyotolewa kwa ridhaa, na tutajua ni mangapi. Hapo yule kijana achore upya, akijua anamchorea nani.

Kushona kutaanza Jumamosi, nyumbani kwangu, baada ya saa nane. Njooni na mkasi wenu, wangu hauazimwi. Wenye cherehani za mguu mzilete, za umeme ziacheni nyumbani. Wanaume mnaruhusiwa, wale mliosoma kwangu mnajua nilikuwa nawafundisha wote kupiga bandi, wavulana kwa wasichana, na kuna mmoja yuko pale nyuma anajificha ambaye bandi yake ilikuwa nzuri kuliko ya dada zake. Wewe utakaa na mimi kwenye herufi.

Mwenyekiti, saa yako hiyo hapo. Maswali.